Kutoka mistari mingi hadi hesabu moja

Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, watu 3.470 waliandikwa kuwa wameugua, na 2.287 kati yao walikufa. Hesabu kama hizo zinapatikana namna gani? Kila mgonjwa anapewa mstari wake ndani ya kompyuta: umri, zone ya afya, amepona ao amekufa. Katika lugha ya SQL, amri COUNT inahesabu mistari. GROUP BY inaigawa kwa kila zone. Jumla peke yake haionyeshi pahali chanjo inahitajika mbio. Hesabu ya kila zone ndiyo inaonyesha. Lakini mgonjwa akiandikwa Beni na tena Butembo, kompyuta itahesabu wawili. Kwa hiyo majina yanalinganishwa kwanza, ndipo inahesabiwa.