Sindano, Ncha na Katriji

Ukiingia dukani ukaomba "sindano ya santuri", muuzaji anayeijua kazi yake atakuuliza: sindano tupu, au kitu kizima? Kitu kizima ndicho katriji, kijisanduku kinachofungwa kwa skrubu mbili chini ya kichwa cha mkono wa gramafoni. Sindano ni kile kipande kinachochomoka mbele yake. Kwa Kiswahili tumezoea kuviita vyote sindano, na si uvivu wa wasemaji. Siku jina hilo lilipoingia, lilikuwa sahihi kabisa.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya HMV, santuri zilizorudi Unguja zilipigwa kwa sindano hasa: kipande cha chuma cha pua kilichochongoka, kikikazwa kwa skrubu ya pembeni. Sindano hizo ziliuzwa kwa vikopo vya bati, mara nyingi 200 kwa kikopo, na agizo lilikuwa kubadilisha kila upande wa santuri unapokwisha. Wengi walilipuuza, lakini lilikuwa na sababu. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika zikianguka, zilichanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliisaga ncha ya chuma katika mizunguko ya mwanzo mpaka ikaenea sawasawa ndani ya mfuo, ule mchirizi mwembamba unaobeba sauti. Sindano iliundwa iliwe yenyewe, santuri isalimike.

Mpango huo ulivunjika mwaka 1948, Columbia ya Marekani ilipotoa santuri ndefu ya vinaili ya mizunguko 33 na theluthi. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaleta ile ndogo ya 45. Mifuo ikawa myembamba. Ncha ya kupigia 78 ina nusukipenyo cha maikromita 75 hivi. Ya santuri za mono za vinaili ni kama 25, na za stereo kama 18. Chuma hakikufaa tena hapo. Kilichoingia ni kito, yakuti kwanza kwenye mashine za bei nafuu, kisha almasi. Kwa hiyo kile tunachokiita sindano kikageuka kuwa mkusanyiko wa vitu: punje ya kito, kijiti kinachoibeba, kipande cha mpira kinachokishika kijiti kisiyumbe ovyo, na mara nyingi sumaku ndogo nyuma yake.

Mimi napendekeza majina haya. Punje ya kito iitwe ncha. Kijiti kiitwe ufito, kwa sababu hufanya kile ufito unachofanya: hushikwa upande mmoja na kunesa upande wa pili. Ncha, ufito na makazi yake ya plastiki kwa pamoja viendelee kuitwa sindano. Wapo watakaodai kalamu, kwa hoja kwamba stailasi ya Kiingereza ina asili katika kijiti ambacho Warumi waliandikia kwenye nta. Sikubaliani nao. Kalamu huandika, na kwenye santuri anayeandika ni mtambo wa kiwandani unaokata mfuo. Huko jina la kalamu lingefaa. Sindano inasoma kilichokwishaandikwa. Isitoshe, JICO ya Japani, inayotengeneza sindano za kubadilishia kwenye katriji nyingi za zamani, ilianza mwaka 1873 kwa kutengeneza sindano za kushonea. Jina letu lina ukoo.

Katriji nayo ibaki katriji. Najua neno hilo tunalo pia kwenye wino wa printa, na hapana ubaya, maana nako ni kijisanduku kinachochomolewa na kurudishwa. "Kichwa" kinavutia zaidi, lakini kimekwishatumika: ni kile kipande cha mwisho wa mkono ambacho katriji hufungwa chini yake. Fundi akikwambia kichwa kimekufa, usilipe kabla hajakuonyesha kwa kidole ni kipi kilichokufa.

Tuangalie sasa radiogramu ya sebuleni, lile kabati la redio na gramafoni kwa pamoja, yenye mashine ya BSR au Garrard ya miaka ya 1960. Inama utazame chini ya mkono wake. Mara nyingi utaona kishikio kidogo cha plastiki kinachogeuzwa nusu mzunguko: upande mmoja una ncha ya 78, upande wa pili ncha ya vinaili. Anayesahau kugeuza hulipa kwa santuri. Ncha nene ya 78 hupanda juu ya mfuo wa vinaili na kuzichubua kingo zake. Ncha nyembamba ikiwekwa kwenye 78 hudidimia mpaka sakafu ya mfuo, ikapiga mchanga na vumbi badala ya muziki.

Ndani ya katriji ya aina hiyo mna fuwele au kipande cha kauri kinachotoa umeme kinapopindwa. Fuwele za kale zilikuwa chumvi ya Rochelle, na chumvi hiyo haipatani na joto wala unyevu. Pwani yetu ina vyote viwili. Ndiyo maana mashine nyingi za aina hiyo mota zake huzunguka vizuri na sauti haitoki, na kubadilisha sindano hakusaidii kitu: aliyekufa ni katriji. Kauri huvumilia zaidi. Ikiwa yako ni ya kauri na bado inaimba, nunua sindano mpya tu, uiache mashine kama ilivyo.

Hapo ndipo wengi hujikwaa kwa kutaka makubwa. Wanasikia sifa za katriji za sumaku, zinazotoa umeme kwa sumaku na koili badala ya fuwele au kauri, wananunua moja nzuri, wanaifunga kwenye mkono huo mzito, na matokeo ni mikwaruzo na kurukaruka. Sababu ni mbili. Kwanza, katriji ya kauri hutoa karibu nusu volti na huiingiza moja kwa moja kwenye amplifaya. Ya sumaku hutoa milivolti 5 hivi. Pia haiwezi kusikika vizuri bila sakiti ya kurekebisha sauti, kwa sababu santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA ya miaka ya 1950. Kazi hiyo ya kurudisha hufanywa na tundu lililoandikwa PHONO kwenye amplifaya, au na kijisanduku cha kuongezea. Radiogramu nyingi za kauri hazina hata kimoja.

Pili ni mneso. Nautumia kwa ile sifa inayoeleza jinsi ufito unavyokubali kusukumwa kwa wepesi. Katriji yenye mneso mkubwa inataka mkono mwepesi; yenye mneso mdogo inataka mkono mzito. Mkono na ufito kwa pamoja vina mtikisiko wao wa asili, na mafundi huulenga uangukie kati ya hezi 8 na 12. Ukishuka chini ya hapo, kila santuri iliyopinda na kila hatua ya mtu sakafuni huutikisa mkono. Ukipanda juu mno, unaingilia besi ya muziki wenyewe. Denon DL-103, iliyobuniwa miaka ya 1960 pamoja na shirika la utangazaji la Japani, NHK, ni katriji ngumu ya koili inayotikisika, na hung'ara kwenye mikono mizito. Ipe mkono mwepesi, utashangaa watu wanaisifia nini.

Mwenye Technics SL-1200 au Dual nzuri ya miaka ya 1970 ana njia rahisi zaidi. Achague katriji ya sumaku inayotikisika ambayo sindano yake huchomolewa, kisha apande ngazi kwa kubadilisha sindano pekee. Ortofon 2M Red hupokea sindano ya 2M Blue bila kugusa skrubu. Tofauti iko kwenye ncha: ya Red ni punje ya almasi iliyogundishwa juu ya kijiguu cha chuma, ya Blue ni almasi nzima, nyepesi zaidi, kwa hiyo hufuata mikunjo midogo ya mfuo kwa haraka zaidi. Kwa jamii ya VM95 ya Audio-Technica, mwili mmoja hubeba sindano za maumbo kadhaa, ikiwemo moja ya 78. Kwa anayekusanya santuri za Afrika Mashariki, nadhani hiyo ndiyo hesabu nzuri kuliko zote, ilimradi mashine yake izunguke 78 na asisahau kubadilisha uzito: gramu 2 kwa sindano za vinaili, gramu 5 kwa ile ya 78. Nunua mizani ndogo ya sindano. Namba za mkononi mwa mashine ya zamani zisikudanganye. Na usidhani uzito mdogo ndio salama. Sindano nyepesi kupita kiasi hukosa mfuo, ikaruka na kutua kwa kishindo kwenye kuta zake.

Umbo la ncha ndilo linalostahili pesa zako. Ncha ya tufe ni mviringo mtupu. Ya duaradufu ina kingo nyembamba zinazoingia kwenye mikunjo ya sauti za juu, hasa karibu na katikati ya santuri ambako mfuo hupita taratibu zaidi chini ya sindano na kila kitu kimebanana. Ya Shibata, iliyobuniwa na Norio Shibata wa JVC kwa ajili ya santuri zenye njia nne za sauti za miaka ya 1970, hugusa ukuta wa mfuo kwa mstari mrefu badala ya nukta.

Ila santuri za 45 za lebo za hapa kwetu, kama Mzuri ya Mombasa au Equator ya Nairobi, zina historia yao. Nyingi zilipigwa kwenye mabaa na majumbani kwa katriji nzito za kauri, kwa ncha zilizokwisha. Ukichungulia ncha kama hizo kwa kioo cha kukuzia utaona zimekuwa bapa pande mbili, kama patasi. Zimechimba ukuta wa mfuo kwenye kimo kimoja. Ncha mpya ya kimo hicho hicho itasoma jeraha. Ncha ya tufe ya maikromita 25, iliyokusudiwa mono, hukaa juu kidogo, na mara nyingi huko juu ukuta bado ni mzima. Ikishindikana, jaribu ya mstari mrefu, inayoshuka chini ya uharibifu. Na kama amplifaya yako ina swichi ya mono, iwashe: mfuo wa mono hutikisika ubavuni tu, hivyo kelele zote za juu na chini ambazo katriji ya stereo inaziokota hufutana zenyewe, na mwimbaji hubaki.