LPO ya Shangazi Ilipotelea Wapi? Ulizeni 1983

Wasee, Jumamosi iliyopita nilishinda dukani kwa shangazi nikipigana na barua pepe. Anauza sare za shule. Ijumaa mchana alikuwa amehamisha sanduku lake la barua kutoka seva ya kampuni moja hadi nyingine, kisa bei. Kufika asubuhi, simu inaitisha paswadi kila dakika, kompyuta ya duka inagoma, na kuna shule inaapa ilituma LPO Ijumaa jioni. Isipojibiwa, Jumatatu wanaenda kwa fundi mwingine.

"Wewe mtoto, si ulisomea hizi vitu?" Kwa kweli sikusomea, ila napenda historia, na ndiyo iliyonitoa.

Kila mtu alilaumu paswadi, na ilikuwa sawa kabisa. Shida ilikuwa jina la mtumiaji. Ray Tomlinson alipotuma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili za ARPANET mwaka 1971, akiweka ile alama ya @, mashine moja ilikuwa na watu wake tu. Jina fupi lilitosha. Leo seva moja inabeba biashara mamia, na kila moja ina "mauzo" wake. Seva ya zamani ilikubali "mauzo" tupu, hii mpya inataka anwani nzima. Nikaiandika yote, simu ikafunguka.

LPO haikuwepo.

Sasa hapa ndipo pananoga. Zamani za ARPANET majina ya kompyuta zote yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI kule California. Ukihamisha mashine unawaambia SRI, wanaandika, halafu kila kompyuta inavuta nakala mpya. Kama rejista ya chifu, lakini ya dunia nzima. Mtandao ulivyokua faili likalemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akaleta DNS: kila mwenye jina atunze orodha yake. Ili watu wasiulize swali lilelile kila sekunde, jibu linawekwa akiba kwa muda, mara nyingi sekunde 86,400. Hiyo ni siku nzima.

Umeona? Seva ya shule ilikuwa bado na jibu la zamani Ijumaa jioni, ikapeleka LPO kule shangazi alikohama, na seva ile ikaipokea bila neno. Niliingia huko kwa kutumia jina la kampuni yenyewe, nikaikuta imetulia. Kinachoniudhi ni kwamba ule muda unaweza kushushwa hadi sekunde 300 siku moja kabla ya kuhama. Ni kazi ya dakika tano. Hakuna aliyemwambia, na pesa za kuhamishiwa alilipa.

Kompyuta nayo ililalamika kuhusu cheti. Haki yake. Iliita seva kwa jina la biashara ya shangazi, na cheti kikasema jina la kampuni mpya. Nikaweka jina la kampuni, nikatoa mlango 110, ambao paswadi hupita wazi kama haujafungwa kwa njia nyingine, nikaweka 995.

Kabla sijafika, fundi alikuwa ametaka kuifuta kompyuta yote aanze upya. Manze, nashukuru alikosa nafasi. Kompyuta hiyo inatumia POP, iliyoanza mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ndogo zisizokaa mtandaoni muda wote. Unaunganisha, unachukua barua, seva inabaki tupu, unakata. Mark Crispin aliona vingine pale Stanford mwaka 1986 akabuni IMAP: barua zikae kwenye seva, wewe uzisomee hukohuko.

Kwa hivyo miaka sita ya shangazi, vipimo vya sare, hesabu za wadeni, haikuwa kwenye seva yoyote, wala ya zamani wala mpya. Kampuni ilihamisha kilichokuwepo, na hakikuwepo kitu. Kila kitu kilikuwa kwenye ile kompyuta yenye vumbi chini ya meza ya kukatia vitambaa. Angeifuta, kwisha.

Kwanza nilinakili kila kitu kwenye flashi. Halafu nikaongeza akaunti ya IMAP kando ya ile ya POP, nikaanza kuburuta folda moja baada ya nyingine hadi seva mpya. Tulimaliza saa tatu usiku, waifai ikikatika katikati mara mbili.

LPO tulikuwa tumeijibu saa kumi jioni. Sweta 120, shule wamekubali. Seva ya zamani nimemwambia asiifunge bado. Kila asubuhi wiki hii anaichungulia akinywa chai.