Barua za Wazee na Mashine Isomayo

Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, mkubwa wa Wadachi, alimtaka Machemba, mfalme wa Wayao katika uwanda wa juu wa Makonde, aje kumtii. Machemba alijibu kwa barua ya Kiswahili, kwamba haoni sababu ya kutii. Kama ni urafiki, yu tayari, bali kuwa raia wake hawezi. Hata mwaka 1899 alipozidiwa, akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Mwenyewe amekufa, lakini maneno yake yangali yakisomwa, kwa kuwa yaliandikwa.

Kiswahili kimeandikwa tangu zamani kwa herufi za Kiarabu. Ziko barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizotunzwa Goa, Bara Hindi. Kisha shule, kama zile za misheni iliyofika Masasi mwaka 1876, zilifundisha herufi za Kirumi, na zile za kwanza zikaachwa na wengi. Leo mtu aweza kurithi barua ya babu yake asiweze kusoma hata neno moja, ingawa lugha ni ile anayoisema kila siku.

Sasa kumetokea maarifa yaitwayo akili mnemba. Mwaka 79 mlima wa moto Vesuvius, nchi ya Italia, uliufunika mji wa Herculaneum, na magombo yake yakawa kama makaa, ukiyakunjua yavunjika. Wataalamu waliyapiga picha kwa miali ipenyayo ndani, kisha kompyuta ikafunzwa kutambua alama za wino. Mwaka 2023 likasomwa neno la Kigiriki, maana yake zambarau. Mwaka 2024 vijana watatu walipewa tuzo kwa kusoma herufi zaidi ya 2,000, wala gombo halikufunguliwa.

Lakini mashine hii haikuzaliwa na elimu. Hufunzwa kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa kuonyeshwa kurasa ambazo wanadamu wamekwisha kuzisoma. Na maandiko yetu yana ugumu wake. Kwa desturi ya zamani sauti ya e iliandikwa kama i, mb mara nyingi kama b, na ch kama sh. Basi jina la Machemba likiandikwa hivyo, asiyemjua aweza kusoma Mashiba. Mzee wa Newala hakosi, maana jina hilo amelisikia tangu utoto. Mashine isiyofunzwa itabahatisha tu.

Kwa hiyo, ndugu, tusiyachome makaratasi ya wazee wala tusiyaache chini. Tumwendee jirani yetu mwalimu wa chuo ajuaye herufi zile, tukae naye pamoja na wazee, na kila neno tulinakili katika daftari kwa herufi za Kirumi, pamoja na majina ya watu na vijiji. Kazi hiyo ndiyo itakayoifunza mashine. Gombo lililoungua karibu miaka 2,000 iliyopita limesomeka. Karatasi iliyoliwa na mchwa haitasomeka kamwe.