Maandishi katika michoro ya AutoCAD

Maandishi katika michoro ya AutoCAD ni majina ya vyumba na maelezo ya ujenzi yanayoandikwa kwenye ramani iliyochorwa kwa programu hiyo, ambayo kampuni ya Autodesk ya Marekani ilianza kuitoa mwaka 1982. Amri ya TEXT huandika mistari inayojitegemea. MTEXT huandika aya nzima, nayo hufaa zaidi kwa maelezo marefu.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni kimo cha herufi. Jengo huchorwa kwa ukubwa wake halisi, kisha hupunguzwa wakati wa kuchapa. Herufi inayotakiwa iwe na kimo cha milimita 2.5 kwenye karatasi, kwa skeli ya 1:100, huandikwa kwa milimita 250. Ikiandikwa kwa 2.5, neno "Jiko" litachapwa dogo kuliko nukta, na fundi aliye saiti hataliona kabisa. Tangu toleo la 2008, maandishi yanaweza kuwekwa yafuate skeli yenyewe, na hiyo ni nafuu kubwa.

Fonti huchaguliwa katika mtindo wa maandishi. Faili likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, programu huweka nyingine, na maneno huweza kuvuka mistari ya jedwali.