Vurugu za Mpakani Melilla, Juni 24, 2022

Watu wasiopungua 23 walipoteza maisha Juni 24, 2022 katika vurugu kati ya wahamiaji na askari kwenye kituo cha mpakani cha Barrio Chino, kati ya mkoa wa Nador nchini Morocco na Melilla, mji ulio chini ya Hispania katika pwani ya kaskazini ya Afrika. Melilla na mwenzake Ceuta ndiko pekee ambako Umoja wa Ulaya unapakana na Afrika kwa nchi kavu, na kote kuwili kumezungushiwa uzio mrefu.

Asubuhi ya siku hiyo watu wapatao 2,000, wengi wao vijana wa Sudan waliokimbia vita nchini mwao, waliuendea mpaka kwa pamoja, baadhi wakiwa na fimbo na mawe. Walipovunja lango la kituo, walijikuta wamebanwa katika ua mdogo, huku askari wakiwarushia mabomu ya machozi. Wengi walikanyagana na kukosa hewa. Picha za video zilionyesha majeruhi wakiwa wamerundikana chini, wakilindwa na askari. Morocco ilieleza kuwa askari wake 140 walijeruhiwa.

Idadi ya vifo ingali na utata. Takwimu ya 23 ni ya Serikali ya Morocco. Amnesty International ilitaja vifo visivyopungua 37 na watu 77 wasiojulikana walipo. Kwa familia zilizoko Sudan, tofauti hiyo si ya hesabu tu, kwa kuwa asiyetajwa miongoni mwa waliokufa wala waliokamatwa huendelea kusubiriwa.

Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika wakati huo, Moussa Faki Mahamat, alitaka uchunguzi ufanyike mara moja. Kenya, iliyokuwa mjumbe wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, iliomba suala hilo lijadiliwe na Baraza, na kikao cha faragha kikafanyika mwezi huohuo.

Nchini Hispania, ofisi ya umma inayopokea malalamiko ya wananchi ilibaini kuwa watu 470 walirudishwa Morocco bila kufuata taratibu za kisheria, ambazo humpa kila mtu nafasi ya kuomba hifadhi. Hata hivyo, Desemba 2022 waendesha mashtaka walifunga uchunguzi wakisema hawakuona jinai kwa askari wa Hispania, ila walipendekeza hatua za kinidhamu dhidi ya askari waliowarushia wahamiaji mawe. Kwa upande wa Morocco, waliofikishwa mahakamani ni wahamiaji, na makumi kati yao walihukumiwa vifungo.