Kibandiko cha 1957 na pikapu unayotaka kununua

Ukitafuta pikapu mpya ya gitaa la umeme (siyo ile gari ya mizigo), neno moja litakufuata kila duka: PAF. Utaambiwa hiyo ndiyo sauti halisi ya zamani, kisha utatajiwa bei. Kabla hujatoa hela, tuangalie hiyo sauti ilitoka wapi.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa gitaa ukitikisika, unavuruga uga wa sumaku na umeme kidogo unazaliwa kwenye koili. Ni kanuni ya Michael Faraday ya 1831, ile uliyoisoma sekondari. Shida ni kwamba koili hiyo hiyo inanasa pia umeme wa ukutani. Huku kwetu ni hezi 50, Marekani 60, na kwenye amplifaya unausikia kama mvumo usiokoma.

Mwaka 1955, Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliombea hataza dawa yake. Aliweka koili mbili, ya pili imegeuzwa waya na imegeuzwa sumaku. Mvumo unaingia kote kwa namna moja, kwa hiyo koili mbili zinaufuta. Sauti ya uzi imegeuzwa mara mbili, kwa hiyo inajumlishwa. Hataza ilitoka 1959. Wakati wakisubiri, kuanzia 1957, pikapu zilibandikwa maneno "Patent Applied For", yaani hataza imeombwa. PAF ni kifupi chake tu. Mwaka huo huo Fender nao waliigawa pikapu ya besi yao, Precision, kuwa koili mbili kwa hila hiyo hiyo.

Sasa sikia utamu wenyewe. Mashine za kusokota koili pale Gibson hazikujizima zenyewe. Mfanyakazi alisimamisha akiona imejaa. Sumaku za alniko nazo zilikuwa za madaraja tofauti. Matokeo yake, ukizipima PAF leo ukinzani unacheza kati ya kama kiloomu 7 na 9. Kwa maneno mengine, ile "sauti halisi" haikuwahi kuwa moja. Anayekuuzia nakala anakuuzia nakala ya PAF fulani.

Mahitaji yalikuja baadaye. Les Paul za umbo la zamani ziliachwa kutengenezwa kufikia 1961. Mwaka 1966 Eric Clapton akasikika na moja kwenye albamu ya John Mayall, na ghafla kila mtu akaitaka. Hapo soko likafunguka. Mwaka 1972 Larry DiMarzio akatoa Super Distortion, yenye sumaku ya seramiki na nguvu ya kuisukuma amplifaya hadi ikwaruze. Hakuwa anaiga sauti ya zamani. Alijibu hitaji la wapigaji wa wakati wake. Mwaka 1976 ikafuata kampuni ya Seymour Duncan, California. Tangu hapo kubadili pikapu kukawa jambo la kawaida.

Basi wewe uchague vipi? Anza na shida yako. Kama ni mvumo, tafuta ya koili mbili inayoingia kwenye tundu ulilonalo. Kama sauti ni kali mno au hafifu, kwanza pandisha au shusha pikapu kwa bisibisi, halafu muulize fundi thamani ya kitufe cha sauti: cha kiloomu 250 hupunguza ukali, cha 500 huuacha. Hayo yote ni nafuu kuliko pikapu mpya.

Na usiamini namba ya ukinzani peke yake. Waya mwembamba zaidi huipandisha hata kama mizunguko haijaongezeka. Joto pia: koili ya kiloomu 8.0 kwenye nyuzijoto 20 itasoma kama 8.3 kwenye 30, bila sauti kubadilika kwa maana yoyote. Kwa hiyo linganisha namba hizo kati ya pikapu za aina moja tu, na ukipata nafasi, zisikilize kwenye amplifaya unayoitumia wewe. Mfanyakazi wa 1957 hakuwa na namba. Alisimamisha mashine, na masikio ya watu yakaamua mengine.