Trekta dogo la msituni

Trekta dogo la msituni ni trekta lenye injini ya takriban nguvu farasi 20 hadi 50, linalotumika kuvuta na kusafirisha magogo. Hufaa hasa katika kupunguzia miti, kwa kuwa hupita kati ya mistari bila kuchubua miti inayobaki wala kugandamiza udongo kama mashine kubwa.

Zana hufungwa nyuma kwa mikono mitatu inayoinuliwa kwa haidroliki, mfumo ulioenezwa na Harry Ferguson kupitia trekta la TE20, lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1946. Winchi na mashine ya kupasulia kuni huendeshwa na shafti ya nyuma, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika.

Winchi hukokota gogo kwa waya hadi njiani. Tela la ekseli mbili hupita vizuri penye visiki. Liwe na breki zake, maana likijaa huweza kulisukuma trekta mteremkoni. Mzigo ufungwe chini ya usawa wa ekseli ya nyuma: ukivutwa kutoka juu, trekta huweza kupinduka kinyumenyume. Fremu ya kumkinga dereva na mkanda ni vya lazima.